Tonge Nililolificha Kwenye Kanga

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka mkaja, asalaam aleikum. Wazee wangu mlio mbele, shikamooni. Na nyie wa kule nyuma mliojibana kwenye nguzo, sogeeni bwana, viti vipo. Huu ugonjwa wetu ukiuficha unaupa nafasi. Mimi niliuficha, na vidole vyangu hivi hapa mnaviona.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mtu anyooshe mikono juu, kadiri inavyofika. Haya. Mama wa kitenge cha kijani, usione haya, hapohapo begani panatosha. Wangu leo umefika juu ya kichwa. Miaka mitatu iliyopita mkono huu ulikuwa hauwezi kufunga kanga. Nilikuwa nafungwa kanga na mume wangu, mwanaume mzima, na alikuwa anaifunga vibaya. Shusheni mikono, asanteni. Nitawasimulia toka mwanzo, na sitamtaja mtu jina, maana wengine wanaohusika wako humu ndani.

Mimi ni mtu wa ziwani, upande wa Liuli. Nimekulia mchangani. Mama yangu alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kula wale waliovunjika. Asubuhi tunakula muhogo wa kuchemsha, mchana ugali wa muhogo na samaki, jioni hivyohivyo, na embe zikiwa za msimu ndiyo usiseme. Chai ya sukari ilikuwa ya Krismasi. Giza likiingia tumelala. Siwadanganyi kwamba tulikuwa na afya ya chuma, malaria ilitupiga sana na mdogo wangu mmoja tulimzika. Lakini sikumbuki kuumwa mkono. Nilikuwa napiga makasia kama mvulana na bibi alikuwa ananigombeza.

Nikaolewa huku mlimani, kwa Wamatengo. Baridi jamani! Mwezi wa kwanza nililia, nilidhani nimeletwa kugandishwa. Kilichonifuta machozi ni sengu. Wageni msioijua, sengu ni hivi: jioni kila mke wa ukoo anapika kwake, halafu vyungu vyote vinapelekwa uwanjani kwa mzee mkubwa. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu, mnakula vya nyumba zote. Ukiwa huna kitu siku hiyo unakuja mikono mitupu, unakula, hakuna anayekuuliza. Habari za ukoo zinasemwa hapo, ugomvi unamalizwa hapo. Baba mkwe alikuwa anapitisha macho kwenye vyungu, anasema, "Leo nani kaleta maharage haya? Huyo nitamtafutia ng'ombe." Wala hakuwa na ng'ombe! Kila jioni anasema na kila jioni tunacheka. Leo hii nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi, namsikia yule mzee.

Sengu ina sheria moja ambayo haikuandikwa. Chungu cha mtu huachi kukigusa. Hata kama umeshiba unamega tonge moja. Ukikiruka, umesema mbele ya ukoo mzima kwamba unamwogopa aliyekipika. Hiyo sheria muishike, kwa sababu ndiyo iliyoniingiza shimoni.

Na mashamba ya huku mnayajua, yamesimama kama ukuta. Wanaume wanafyeka majani, wanayapanga mistari ya kukatana, kisha sisi wanawake tunachimba udongo wa katikati tunaufunika juu ya majani. Ndiyo ngoro. Mtu wa ziwani nilijifunza ngoro nikiwa na mimba ya kwanza, na nawaambia bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo, baada ya miaka michache hakukuwa na mwanamke wa kunifikia. Nikishika jembe, mistari yangu inatoka imenyooka. Tukienda kwa ushirika, leo kwako kesho kwangu, walikuwa wananiweka mbele.

Sasa kulikuwa na mke wa kaka yake mume wangu. Ni mkubwa kwangu, mwenyeji wa Litumbandyosi, mtu asiye na maneno mengi. Kwa hiyo kulikuwa na yeye asiyesema na mimi nisiyenyamaza. Mwezi wa tatu mmoja tunachimba shamba langu, akasimama, akaniangalia mikono, akasema, "Mwenzangu, mikono hiyo ningepewa mimi!" Tukacheka. Tukaendelea kuchimba.

Baba mkwe alifariki mwaka uleule. Sengu ikapungua, ikabaki Jumapili kwa mama mkwe, siku nyingine kila mtu ndani na televisheni yake. Mimi nikafungua mgahawa hapa mjini. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, na kwa sababu sina muda wa kukaa nakula maandazi hayohayo nimesimama, na chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, na soda ya mchana. Usiku natazama dari nikihesabu madeni ya wateja. Nilikuwa nimenenepa na najiona nimeendelea.

Kama mwaka na nusu baada ya msiba, nikaamka asubuhi moja nikashindwa kukunja vidole. Vimevimba, vina moto, vyote viwili viwili, kulia na kushoto. Nikasema ni baridi. Ikifika saa tano vinalegea nafanya kazi. Kesho tena. Baada ya miezi vikaja viganja, vikaja magoti. Nikashika mwiko ukaanguka kwenye mafuta. Nikimega unga wa maandazi machozi yananitoka, wateja wanadhani ni moshi.

Mnajua tunavyofanya. Kabla ya hospitali tunapita pengine. Shangazi mmoja akanipeleka kwa mtaalamu. Mtaalamu hakunigusa hata mkono. Akaniambia, "Kuna mwanamke mnakula naye. Mikono yako aliitamani akaitamka."

Ndugu zangu! Nani aliitamka? Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, nilicheka! Toka siku hiyo yule mwenzangu nikimwona, nageuza njia. Akinisalimia naitikia nikitazama pembeni. Na Jumapili kwenye sengu chungu chake kipo palepale, majani ya maboga ameyaunga kwa karanga, ugali wa moto. Kukiruka siwezi, nitakuwa nimemtangaza mchawi mbele ya mama mkwe. Kula naogopa. Basi nikabuni ujanja. Namega tonge kwake kama wenzangu, nalipeleka mdomoni, nainamisha kichwa kama nafuta jasho, tonge linaingia kwenye pindo la kanga. Tukiachana napita nyuma ya nyumba yake, ndiyo njia ya kwangu, nakung'uta kanga, kuku wanamaliza. Nilifanya hivyo kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka. Na vya wengine nikawa nakula mara mbili, ili asije mtu akasema nachagua. Na yale majani ya maboga yalikuwa yananukia, jamani. Nilikuwa nayatamani huku nayaogopa.

Vidole vikazidi. Mume wangu siku moja akaniona nafungua kifuniko kwa meno, akasema, "Kesho hospitali, na usinibishie." Kwa mara ya kwanza sikubisha. Wakatoa damu, wakapiga picha. Jibu likaja: baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili. Sikuelewa. Daktari aliyenielewesha ni binti mdogo, rika la mwanangu wa pili. Akasema, "Mama, mgambo wa kijiji kazi yao ni kukamata wezi. Siku moja wakaacha wezi wakaanza kuwapiga wenye nyumba. Ndani yako wanapiga viungo." Nikamuuliza nani amewatuma. Akasema, "Hatujui vizuri. Kuna mambo ya kuzaliwa nayo, na kuna mambo ya maisha yanayowachokoza. Hayo ya kuzaliwa hatuyawezi. Hayo mengine tutayatafuta wote wawili."

Akanipa dawa, kidonge cha mara moja kwa wiki, mimi changu Jumatano, na tarehe za kurudi kupima damu. Nilidhani tumemaliza, nikashika mkoba. Akasema, "Kaa mama, ndiyo kwanza tunaanza." Akachukua karatasi mbili akazigundisha, akachora mstari mrefu. Mwanzo wa mstari akaandika kuzaliwa, mwisho akaandika leo. Akaniuliza, "Mara ya mwisho kujisikia mzima kabisa ilikuwa lini? Ulikuwa unakula nini? Unalala saa ngapi? Unakaa na nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hayo. Nikaanza na usipa wa mama. Nikaenda, nikaenda, malaria, mdogo wangu, ndoa, uzazi, sengu, maharage ya baba mkwe na ng'ombe wake wa uongo. Nikajikuta nalia kwenye ofisi ya watu. Yeye anaandika tu kwenye mstari. Alipofika karibu na mwisho, kalamu ikasimama. "Hapa mzee amefariki. Hapa mgahawa, usingizi umekatika, chakula kimebadilika. Hapa vidole. Na huku Jumapili bado mnakula pamoja, vizuri?" Nikasema, "Vizuri sana, daktari." Nikamdanganya hivyohivyo, na machozi yangu hayajakauka.

Akanipangia. Kwanza, Jumatano yangu nisiiruke. Pili, wiki sita niache ngano, sukari na soda, nirudi kwenye vyakula nilivyokulia: muhogo, viazi, samaki, mboga za majani, maharage. Baada ya hapo tutarudisha kimoja kimoja, tuone kipi kinaniudhi, maana kinachoniudhi mimi huenda wewe hakikugusi. Tatu, usingizi, mtu mwingine akaange maandazi. Na nne, daftari. Kila kinachoingia mdomoni niandike, na kila jioni niandike maumivu, sifuri mpaka kumi.

Wiki nne za kwanza, Mungu anisamehe, nilijiona nimepona. Mdogo wake mume wangu alikuwa anashuka Mbamba Bay, ananiletea samaki wa ziwani, mbasa na usipa mkavu. Nikachemsha muhogo, nikaukata vidole virefu kama alivyokuwa anakata bibi, nikakaa kizingitini nikala taratibu. Nikalala. Maumivu yakashuka toka nane mpaka nne. Ndipo nikafanya ujinga wa kwanza. Kwenye simu kuna sauti zinazunguka, mnazijua, mtu asiyejulikana anasema dawa za hospitali ni sumu, chakula peke yake kinatosha. Nikajiambia si unaona, ni muhogo huu. Jumatano ikapita sikumeza, na nyingine, na nyingine. Na sikumwambia mtu.

Ujinga wa pili ulikuwa Jumapili. Kwenye sengu nilikula kila chungu kasoro kimoja, chapati za huyu, maandazi ya yule, na togwa lenye sukari, mara mbilimbili kama kawaida yangu. Na kwenye daftari sikuandika. Niliona chakula cha uwanjani si changu, sikukipika, kinaandikwaje? Nikiandika "nimekula kwa fulani" itabidi niandike na "kwa fulani sikula". Kwa hiyo Jumapili zote kwenye daftari langu nilikuwa nimekula viazi na samaki.

Mwezi wa tatu wa mpango ule, mgambo walirudi na marungu yote. Siku moja kwenye sengu nikamega tonge, likaanguka. Nikamega tena, likaanguka. Vidole havikushika. Wanawake wote wakaacha kula. Yule mwenzangu akanyoosha mkono anilishe, na mimi nikarudi nyuma kama nimeona nyoka. Mbele ya mama mkwe. Alirudisha mkono wake polepole akauweka mapajani.

Kliniki iliyofuata nilibebwa kwenye bodaboda, mume wangu amenishika kwa nyuma. Daktari akafunua daftari, ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Mama, hili ni daftari la malaika. Malaika huwa hawavimbi vidole." Nikavificha vidole chini ya kanga. Akasema, "Mimi si mama mkwe wako. Sina pa kupeleka maneno. Lakini viungo vikishaharibika havirudi. Bado naweza kukusaidia kuokoa mikono hii. Nikifanya kazi na uongo, siwezi."

Basi nikatapika yote. Vidonge, sauti ya kwenye simu, chapati, na mwisho kabisa tonge la kwenye kanga. Nilitegemea atacheka, ni msomi. Hakucheka. Akachukua ile karatasi ndefu, akaniuliza, "Kwa hiyo hapa, mwaka mzima na zaidi, kila Jumapili ulikuwa unakula ukiwa na hofu?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Kisha akasema, "Nitakurudishia dawa na safari hii tutafuatana kwa karibu. Chakula tutaanza upya. Lakini hili la mwisho sina kidonge chake. Na huwezi kufuata mpango huu kwa siri kwenye ukoo unaokula pamoja. Itabidi uwaambie."

Nikamwambia, "Mwanangu, unajua unaniambia nini?" Kumwambia mtu kwamba ulimdhania uchawi! Huku kwetu watu wanahama kijiji kwa neno hilo. Niliwaza nitaharibu ukoo. Halafu nikatazama vidole vyangu vimelala kwenye kitenge, havinisikii, nikawaza na jembe langu, na mstari wangu shambani. Nikaenda nyumbani sijui nitafanyaje mpaka Jumapili.

Jumapili nilisimama kabla vyungu havijafunuliwa. Nikasema naumwa ugonjwa gani na kwamba dawa zake ni za maisha yote. Nikasema vyakula vitakavyonibidi niviache kwa muda, si kwa kumwogopa mtu. Wakaitikia vizuri, mama mkwe akasema, "Pole mwanangu, ungesema mapema." Ningeweza kuishia hapo. Nilitamani kuishia hapo. Lakini mwenzangu alikuwa ananitazama.

Nikapiga magoti, na magoti yale yalivyokuwa yanauma nawaachia wenyewe. Nikamwambia, "Dada, siku ile uliyosema mikono yangu ungepewa wewe, niliambiwa umeiroga, nikaamini. Toka hapo sijala chakula chako. Nilikuwa naficha kwenye kanga."

Mwenzangu aliniangalia pale chini. Akasema, taratibu kama kawaida yake, "Nilikuwa naona." Akasema, "Mwaka mzima kuku wangu wanakula ugali nilioupika mwenyewe. Mpaka wamenenepa. Nilikuwa nikijiuliza nimekukosea nini, nikasema siku moja ataniambia." Kisha akainuka, akachukua chungu chake hakijafunuliwa, akaondoka nacho kwake.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna maumivu ya vidole niliyowahi kuyapata yanayofikia kumwona yule mama anaondoka na chungu. Wiki ile sikulala. Mama mkwe hakusema na mimi. Mume wangu akasema, "Ulichokifanya ni sawa, lakini umekifanya kwa kuchelewa," na hiyo ni kweli. Nilimeza kidonge changu Jumatano, nikachemsha viazi vyangu, daftari likalala mezani tupu, kwa sababu hata kalamu sikuweza kuishika.

Jumamosi asubuhi hodi. Ni yeye, amebeba chungu kichwani juu ya kata. Hakunipa pole, hakukaa. Akasema, "Daftari liko wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Vidole vyako havishiki kalamu na mtoto wako yuko shule. Nitakuwa naandika mimi. Na nitaandika kweli." Akafunua chungu. Majani ya maboga, bila ugali wa kuficha, viazi pembeni. Akamega yeye, akanilisha. Sikuinamisha kichwa. Nilikula naangaliwa, nalia, kamasi zinatoka, na yeye akaniambia, "Tafuna, acha kelele." Mnamwona alivyo? Ndiyo maneno yake ya msamaha hayo, hadi leo hajatoa mengine.

Toka siku hiyo nilikuwa na polisi. Kila jioni anakuja, anakaa kigodani, anauliza, anaandika. Jumatano anasimama mpaka nimeze. Wanawake wa ukoo nao Jumapili wakaanza kuweka chungu kimoja kisicho na vile vitu, leo huyu kesho yule, kwa hiyo nikawa nakula uwanjani bila wasiwasi. Tuliporudisha vyakula kimoja kimoja, daftari likatuonyesha sukari na maandazi ya ngano kwangu ni wachokozi. Maharage hayana kosa, nashukuru, maana ningehama mlima huu. Mgahawa nikamwachia binti wa shangazi nusu ya siku. Saa tatu usiku mimi nipo kitandani.

Haikuwa wiki moja. Ilikuwa miezi. Kuna siku zilirudi nyuma, daktari akaongeza dawa, akapunguza, damu ikapimwa tena. Lakini nane ikawa sita, sita ikawa tatu. Siku moja nikafunga kanga mwenyewe. Nikaifungua, nikaifunga tena, mume wangu akasema una nini, nikamwambia niache.

Tukaenda kliniki wote wawili, mimi na mwandishi wangu. Daktari akafungua daftari akasoma kwa sauti. "Jumatatu. Viazi, mchicha, kipande cha mbasa. Amelala mapema. Maumivu matatu." "Jumatano. Kidonge amemeza, nimemkagua mdomo." "Ijumaa. Ameiba andazi kwa jirani, anadhani sijui. Maumivu matano, shauri yake." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akafunua nyuma, akafunua mbele. Kwenye kurasa nyingi, chini kabisa pembeni, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno mawili. Siku nyingine yapo, siku nyingine hayapo. "Amekula kwangu."

Akamuuliza, "Mama, hii ya pembeni ni nini? Ni dawa ya kienyeji?"

Mwenzangu akainamisha kichwa. Akasema, "Hiyo haimhusu mgonjwa, daktari. Hiyo nilikuwa najiandikia mimi."

Nilikuwa nimekaa miaka nikihesabu maumivu yangu. Yake sikuyahesabu hata siku moja. Alikaa mwaka mzima anapika, anatazama chakula chake kinabebwa kwa kuku, anarudi Jumapili nyingine anapika tena.

Ndugu zangu, sijapona kabisa. Hivi vidole viwili vimepinda, na daktari ameniambia havitanyooka. Kidonge cha Jumatano bado nakimeza, na mwenzangu bado anasimama kunitazama. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu nilipanda shambani na jembe dogo. Nilifunika ngoro nne. Zamani nne nilikuwa namaliza kabla umande haujakauka, siku hiyo zilinichukua mpaka mchana. Mistari imenyooka lakini! Nikasimama, nikatazama bonde lote na moshi wa nyumba zetu kule chini, nikamkumbuka baba mkwe, nikamwambia kimoyomoyo maharage yanakuja mzee, andaa ng'ombe.

Nawashukuru madaktari na wauguzi walionivumilia. Namshukuru mume wangu kwa kanga zile mbaya mbaya. Namshukuru mama mkwe, aliyerudi kusema na mimi kabla ya Kwaresma kuisha. Na nyie wenzangu mlio na ugonjwa huu, nawaomba: mezeni dawa zenu kama mlivyoandikiwa, msiziache kwa sauti ya kwenye simu. Tafuteni na kinachowachokoza, kwenye sahani, kwenye kitanda na moyoni. Na mkipewa daftari, andikeni hata yale ya aibu, au mpeni mtu wa kweli awaandikie. Na kama kuna mtu mnamwogopa bila kumuuliza, muulizeni angali hai.

Wangu mimi yuko pale, kiti cha tatu karibu na mlango, amejifunika kitenge usoni. Nilimwambia nitakuita usimame, akasema nikithubutu ataondoka. Simwiti. Ila naona ameshatoa kalamu, maana aliniona pale nje nikipokea soda. Ilikuwa nusu tu, dada. Andika, andika tu. Na ukimaliza hiyo, chini pale pembeni, andika na ya asubuhi, maana muhogo wa leo nimekula kwako.